Kupaka rangi ghorofa ya tatu juu ya jukwaa la mirunda (nguzo za miti), nijilindeje?

Wakuu habari za mchana. Nimepata kazi ya rangi jengo huku Mbezi, ghorofa ya tatu, bosi katufungia mirunda kwa kamba na misumari, mkanda wa usalama hakuna hata mmoja. Nina watoto wawili na kusema kweli naogopa, nifanyeje?

fundi_zege: Mkuu usipande kwanza. Kacheki miguu ya mirunda imekaa kwenye nini, maana mvua hizi zikilainisha udongo mguu mmoja unazama na jukwaa lote linalala, sasa wekeni vipande vya mbao nene chini na jukwaa lifungwe kwenye jengo lenyewe, lisisimame tu peke yake.

mama_saiti: Mkanda wa kiunoni tu usikubali kaka, dai ule wa mwili mzima unaopita mabegani na mapajani. Kamba yake funga kwenye nguzo ya zege juu ya kichwa chako, ukiifunga kwenye mrunda huohuo mnashuka pamoja! Na pangeni kabisa nani atakushusha, mtu akining'inia muda mrefu damu inagoma kupanda, anaweza kufa hapohapo.

Kizito: Ngazi nayo, kila mita 4 kwenda juu mguu utoke ukutani mita 1. Bosi akikaza nenda OSHA, wale wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, sheria ipo tangu 2003.

Muulizaji: Asanteni sana, nampigia sasa hivi, bila mkanda kesho sipandi.