Darasa la sita kuwafundisha wadogo zao korongo wa karatasi

Mwalimu wa Nkuhungu:
Habari wadau. Nafundisha shule ya msingi hapa Dodoma. Niliwasimulia darasa la sita habari za Sadako Sasaki wa Hiroshima: bomu la 1945 lilimkuta ana miaka 2, baadaye akaugua saratani ya damu, akawa anakunja korongo wa karatasi hospitalini hadi alipofariki 1955, miaka 12 tu. Binti mmoja alilia, na ndiye aliyesema tuwafundishe darasa la pili. Nataka sana lifanikiwe! Ila tulipojaribu na watoto watano, wote walikwama pale pa kuvuta ncha juu. Karatasi za daftari zikachanika. Nifanyeje?

Fundi Karatasi:
Pole mwalimu. Tumia A4. Kunja kona mpaka ukingo wa pili, kata kipande kinachobaki, unapata mraba wa sm 21. Vidole vidogo vinahitaji nafasi. Mikunjo ipigwe kwa ukucha kabla ya kuvuta ncha. Halafu mkubwa akae ubavuni mwa mdogo. Akikaa mbele, mtoto anaona kila kitu kinyume.

Mama wa Kizota:
Na mkubwa asimkunjie! Mwanangu aliletewa korongo aliyekunjwa tayari, kesho yake nikamkuta korongo huyo uani. Aliyemkunja mwenyewe, shingo imepinda, bado ananing'inia dirishani.

Mwalimu wa Nkuhungu:
Asanteni sana. Leo nimejaribu na wawili, wakubwa wakiwa ubavuni. Mmoja kafika hadi mabawa.