Weusi: farasi wa g5 ananivunja f7

Wana-sataranji wa Mombasa, salaam aleikum. Nacheza weusi, weupe huanza (herufi na namba ni chumba cha ubao; bila jina la kete, ni kitunda, yaani kete ndogo ya mbele): e4 e5, farasi f3, farasi c6, askofu c4, farasi f6, kisha farasi g5. Naziba kwa d5, anakula, nakula kwa farasi. Hapo navunjwa. Kosa liko wapi?

— Aleikum salaam. Kosa ni kula d5 kwa farasi. Atamtoa farasi kafara kwa kula f7. Mfalme akila, malkia f3 anatoa shaha (anamtishia mfalme) huku akimtishia farasi wa d5. Kumlinda, mfalme lazima apande e6, katikati ya moto, na farasi c3 yuaja. Badala ya kula d5, cheza farasi wa c6 aende a5, umsukume askofu. Askofu akitoa shaha b5, weka kitunda c6; akila, kula kwa kitunda cha b. Umepungukiwa kitunda kimoja, lakini askofu akirudi e2, h6 inamfukuza farasi, kisha e4 inamfukuza tena. Nafasi hiyo ni tamu kweli!

— Nakubaliana. Wachezaji wa barazani wakariri hatua tu. Funika karatasi, kwa kila hatua andika sababu, ndipo ufungue programu ya sataranji. Ukianza na programu hujifunzi kitu.

— Shukran sana. Na akila f7 kwa askofu badala ya farasi?

— Ikiwa hukuziba kwa d5? Farasi wa g5 anamlinda askofu, humli. Mfalme e7, askofu atarudi. Mfalme hawezi tena kujificha kando ya ngome, cheza kwa uangalifu.