Muuguzi aruhusiwe kufanya nini kisheria, na nani aamue?

Mleta mada
Ndugu wachangiaji, naomba tujadili mipaka ya kazi ya muuguzi, kwa kuwa kila ninapolisoma suala hili naona nchi zimegawanyika katika njia mbili. Zipo zilizoamua kutaja ndani ya sheria vitendo vya hatari na kueleza ni taaluma ipi inayoruhusiwa kuvifanya. Jimbo la Ontario nchini Kanada lilifanya hivyo mwaka 1991, likataja mambo kama kukata tishu zilizo chini ya ngozi, kuchoma sindano, kuandika dawa, na kuingiza chombo au mkono mwilini kupita sehemu fulani. Uholanzi nayo ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 1993, ila ikaweka sharti la pande mbili: anayeagizwa na daktari haruhusiwi kutenda ikiwa hana umahiri, na daktari haruhusiwi kuagiza ikiwa hana sababu ya kuamini kwamba anayemwagiza anaimudu kazi hiyo. Njia ya pili ni ile ya sheria inayosema kwa jumla tu kwamba muuguzi afanye yale aliyofundishwa na anayoyaweza, kisha baraza la wauguzi likaachiwa kufafanua.

Mimi naegemea orodha. Muuguzi anayeanza kazi anahitaji kuujua mpaka wake kabla hajasimama mbele ya kitanda cha mgonjwa, na mgonjwa naye ana haki ya kujua ni nani anayestahili kumgusa na kwa kazi ipi. Nyinyi mnaonaje?

Tabibu
Naunga mkono orodha, tena iwe fupi. Daktari husoma miaka mingi ili ajue namna ya kufanya jambo na pia wakati ambapo halipaswi kufanywa, na ujuzi huo wa pili hauonekani kwa anayetazama kutoka pembeni. Mtu mwenye mikono iliyotulia anaweza kufundishwa kuweka mrija kifuani, lakini kutambua kwamba mgonjwa huyu hauhitaji mrija huo ni kazi nyingine kabisa. Tukigawa vitendo kimoja baada ya kingine kwa sababu tu madaktari ni wachache, tutabaki na watu wanaojua kutenda bila kujua kuamua. Muuguzi ni mkono wa daktari, na mkono haujiamulii.

Mkunga wa zamu ya usiku
Dokta, hoja yako kuhusu kuamua nitairudia baadaye, lakini sentensi yako ya mwisho siwezi kuipita kimya.

Nakuomba ufikirie usiku ninaoukumbuka vizuri. Mama amejifungua, mtoto analia vizuri, sindano ya oksitosini, ile ya kubana mfuko wa uzazi, imeshachomwa, kamba ya kitovu nimeivuta kwa utaratibu unaotakiwa, na kondo la nyuma halitoki. Damu inatoka mpaka shuka iliyo chini yake haifyonzi tena. Nampigia simu daktari wa zamu. Ananiuliza presha na mapigo ya moyo, kisha anasema, "Litoe kwa mkono, nakuja." Navaa glovu ndefu zinazofika kwenye kiwiko. Mkono wa kushoto unakandamiza tumbo ili mfuko wa uzazi usikimbie, na wa kulia unaifuata kamba ya kitovu hadi ndani, unautafuta ukingo wa kondo kwa ncha za vidole na kulibandua taratibu kwa ubavu wa kiganja. Wakati wote huo namsemesha mama kwa jina lake ili nijue kama bado ana fahamu. Daktari alipofika, kondo lilikuwa kwenye beseni, nami nilikuwa nalikagua kipande kwa kipande kuhakikisha hakuna kilichobaki ndani.

Asubuhi katika faili hapakuwa na agizo lolote. Msimamizi aliniita akaniuliza ni kifungu gani cha sheria kilichoniruhusu kuingiza mkono. Mkono usiojiamulia usingeulizwa swali hilo.

Msomaji wa sheria
Sista, pole kwa yaliyokukuta. Naomba nitenganishe mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Katika nchi ambazo mfumo wake wa sheria umetokana na Uingereza, mwajiri hujibu mahakamani kwa uzembe ambao mwajiriwa ameufanya akiwa katika kazi yake, kwa hiyo fidia kwa kawaida hulipwa na hospitali. Leseni, hata hivyo, ni ya muuguzi peke yake. Baraza likimwita, hospitali haisimami kizimbani pamoja naye, na daktari aliyesema "nakuja" anaweza asiitwe kabisa. Hatari huongezeka pale kitendo chenyewe kinapokuwa nje ya vilivyoruhusiwa, kwa sababu hapo mwajiri hupata nafasi ya kudai kwamba mfanyakazi alitoka nje ya kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Ndiyo maana naliona swali la mleta mada kuwa limekosa nusu yake. Tunauliza muuguzi anaruhusiwa nini, lakini hatuulizi ni ushahidi gani unaobaki kwamba aliruhusiwa usiku ule.

Mchangiaji kijana
Nimewahi kusoma kwamba Japani ilikuwa inawakataza wauguzi kuchoma dawa ya mshipa, na kwamba katazo hilo liliondolewa miaka ya themanini baada ya madaktari kulemewa na kazi. Mwenye kumbukumbu kamili atuwekee hapa. Ikiwa nchi yenye hospitali za kiwango kile iliwahi kuogopa sindano ya mshipa, basi orodha zetu nyingi zinatokana na woga wa wakati fulani, na hazina uhusiano na hatari halisi.

Mwalimu wa uuguzi
Kijana, si miaka ya themanini. Waraka wa wizara ya Japani uliosema kwamba sindano ya mshipa iko nje ya kazi ya muuguzi ulitoka mwaka 1951, na tafsiri hiyo ilibadilishwa mwaka 2002. Tafadhali tazameni urefu wa kipindi hicho: nusu karne ambamo waraka ulikataza na katika wodi nyingi wauguzi walikuwa wakichoma, kwa kuwa kazi isingekwenda vinginevyo. Baadaye, mwaka 2015, nchi hiyohiyo ilianzisha mafunzo maalumu kwa vitendo 38 ambavyo muuguzi aliyehitimu mafunzo hayo huvifanya kwa kufuata maelekezo yaliyoandikwa kabla na daktari, bila kusubiri agizo jipya kila mara.

Uingereza nayo ilianza na orodha na ikaishia kwenye umahiri. Sheria ya mwaka 1992 ilifungua mlango wa wauguzi wa jamii kuandika dawa chache, nyingi zikiwa za vidonda, ngozi na choo kigumu. Orodha ikaongezwa, ikaongezwa tena, na kila ilipoongezwa ilikuwa tayari iko nyuma ya kazi. Mwaka 2006 waliona ni afadhali muuguzi aliyefuzu masomo ya kuandika dawa aruhusiwe kuandika karibu dawa yoyote iliyo ndani ya ujuzi wake, na dawa zenye udhibiti mkali zikabaki na masharti yake. Mimi nafundisha, na nashuhudia jinsi wanafunzi wanavyokariri orodha bila kujiuliza kama wanaweza. Mwanafunzi anayejua kwamba kuweka katheta, yaani mrija wa mkojo, kunaruhusiwa, lakini hajajifunza kusimama anapohisi kizuizi, atamjeruhi mgonjwa akiwa ndani ya sheria kabisa.

Tabibu
Naona nimeshambuliwa kwa neno moja, na kila mtu ameruka hoja yenyewe. Sikusema wauguzi hawana akili. Nilisema uamuzi na utendaji havifundishwi kwa kipimo kimoja. Chukueni dawa ya saratani iitwayo vinikristini. Ikichomwa kwenye mshipa inatibu. Ikichomwa kwenye uti wa mgongo inaua, na kwa kawaida hakuna kinachoweza kumrudisha mgonjwa. Mnataka dawa kama hizo ziwe mikononi mwa mtu ambaye baraza lake limemwambia afanye anachohisi anakiweza? Na wewe Sista, sikuwa mimi daktari wa usiku ule, kwa hiyo usinibebeshe mzigo wa mwingine.

Muuguzi wa wodi ya saratani
Dokta umechagua mfano unaokugeukia. Mwaka 2001 katika mji wa Nottingham nchini Uingereza mgonjwa kijana alichomwa vinikristini kwenye uti wa mgongo akafa. Aliyemchoma alikuwa daktari, na aliyekuwa akimsimamia alikuwa daktari mwingine. Sisemi hivyo kuwadhalilisha madaktari, nasema kwa sababu cheo hakikumwokoa yule kijana. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari likihimiza dawa hiyo iandaliwe katika mfuko mdogo wa dripu badala ya bomba la sindano, ili isiwezekane kuichanganya na dawa za uti wa mgongo. Mfuko wa dripu unawalinda wagonjwa dhidi ya kosa hilo bila kumuuliza anayeushika alisoma wapi.

Kuna jambo jingine ambalo sheria nyingi zimelisahau. Mimi nimewahi kukataa kuchoma kloridi ya potasiamu isiyochanganywa, ambayo ikisukumwa moja kwa moja mshipani husimamisha moyo. Niliyemkatalia alikasirika sana, na katika kanuni za kazi nilizopewa hapakuwa na mstari hata mmoja unaosema muuguzi anaweza kukataa agizo. Kanuni hizo zilijaa niliyoruhusiwa kufanya.

Mleta mada
Nashukuru kwa michango, lakini tumeanza kushindana kati ya taaluma mbili. Swali lilikuwa kuhusu orodha na umahiri, na ningependa turudi hapo.

Ndugu wa mgonjwa
Mniruhusu niseme kwa niaba ya tunaokaa pembeni ya kitanda. Baba yangu alikuwa na saratani iliyokwishaenea, na maumivu yake yalianza kila usiku wa manane. Muuguzi alikuwepo, dawa ilikuwepo kabatini, na kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka ya kuandika mofini. Tulisubiri hadi kukapambazuka. Yule muuguzi hakuwa na kosa lolote. Alikaa nasi, alimgeuza baba, alimpangusa jasho, akapiga simu ambayo haikupokelewa.

Uganda ilibadilisha kanuni zake mwaka 2004 ili wauguzi na maafisa tabibu (wahudumu walio chini ya daktari) waliosomea tiba shufaa, yaani huduma ya kuwapunguzia maumivu wagonjwa mahututi, waweze kuandika mofini wenyewe. Sijui kama hiyo inaitwa orodha au umahiri, na sidhani kama baba yangu angejali. Ninachoomba ni kwamba mnapotunga sheria mhesabu pia madhara ya kitendo ambacho hakikufanyika, maana hayo hayaandikwi kwenye faili wala hayapelekwi barazani.

Mchangiaji kijana
Mzee, pole sana. Nami nakumbuka kulikuwa na utafiti wa Afrika Kusini kuhusu dawa za virusi vya UKIMWI, wauguzi wakilinganishwa na madaktari.

Mwalimu wa uuguzi
Ndiyo, ulichapishwa mwaka 2010, na ulionyesha kwamba wagonjwa waliofuatiliwa na wauguzi hawakuwa na matokeo duni kuliko waliofuatiliwa na madaktari. Lakini kijana, ukiutaja utaje na sharti lake: wauguzi wale walifundishwa kwa kazi ile, na walikuwa na daktari wa kumgeukia. Serikali zinazoupenda utafiti huo kwa sababu unapunguza gharama mara nyingi huchukua sehemu ya muuguzi na kuacha sehemu ya mafunzo.

Msomaji wa sheria
Hapo ndipo ninapoona hatari kubwa, na mfano wa karibuni ni Korea Kusini. Kwa miaka mingi hospitali kubwa za huko zilikuwa na wauguzi waliofanya kazi za madaktari wasaidizi bila sheria kuwatambua. Mwaka 2023 bunge lilipitisha sheria ya uuguzi, rais akaikataa kwa kura ya turufu huku vyama vya madaktari vikiipinga. Februari 2024 madaktari waliokuwa mafunzoni waliacha kazi kwa maelfu, na Agosti mwaka huohuo sheria mpya ya uuguzi ikapitishwa, ikiwatambua wauguzi hao. Kazi ilikuwa ileile waliyoifanya jana yake. Kilichobadilika ni kwamba sasa walihitajika hadharani.

Mkunga wa zamu ya usiku
Basi tuzungumze kuhusu simu, kwa sababu usiku wangu ulianzia hapo. Napendekeza sheria iseme hivi: agizo la simu lisikilizwe na wahudumu wawili, lirudiwe kwa sauti kwa daktari, liandikwe papo hapo pamoja na saa na jina lake, naye alitie sahihi ndani ya muda uliowekwa. Asipotia sahihi, wa kwanza kuulizwa awe yeye. Tabibu, ungekubali kutia sahihi?

Tabibu
Kwa nililoliagiza, ningetia sahihi bila kusitasita, na anayekataa hastahili kuwa zamu. Kwa lile ulilolianza kabla hujanipigia, nisingetia.

Mkunga wa zamu ya usiku
Mwishoni mwa ujauzito, damu inayopita kwenye mfuko wa uzazi ni nusu lita au zaidi kwa kila dakika. Mimi nilipiga simu na ikapokelewa. Mzee aliyeandika hapo juu amesema ya kwao haikupokelewa. Niandikie, Dokta, katika orodha yako fupi, muuguzi anaruhusiwa kufanya nini simu ikiita mpaka ikakatika.