Kikundi cha familia: Ukoo wa Bibi (Vuga, Makunduchi, Maskati)

JUMATATU

Dada Zuhura, saa 2:10 usiku
Assalamu alaykum ndugu zangu wote. Kama mnavyojua, Ami Seif na watoto wake wanne waliwasili jana kutoka Maskati kwa likizo, na wiki hii ndiyo wiki ya Mwaka Kogwa, mwaka mpya wetu wa jadi. Naomba tukubaliane mapema, ili wageni wasije wakazimaliza siku zao kwenye vyumba vya hoteli na kurudi kwao bila kuijua nchi ya babu yao. Pendekezo langu ni kwamba kesho alasiri tuwatembeze Mji Mkongwe kwa miguu, kutoka Mkunazini hadi Forodhani, Jumatano asubuhi twende kisiwa cha Changuu kwa mashua, na Alhamisi, ambayo ndiyo siku yenyewe ya Mwaka, twende Makunduchi sote kwa kosta moja. Mwenye kosta anataka malipo ya awali kesho kabla ya magharibi, kwa sababu wiki hii magari ya kwenda Kusini yanagombaniwa. Kila mtu mzima atoe shilingi 15,000, na watoto wasilipe kitu. Naomba majibu usiku huu huu.

Dada Zuhura, saa 3:25 usiku
Naona watu 23 wamekwishausoma ujumbe wangu, na sijapata jibu hata moja. Mwenye kosta hatatusubiri.

Ami Seif, saa 3:40 usiku
Waalaykumu salaam, mwanangu Zuhura. Mimi na watoto tumekubali yote. Ningeomba tu kesho wapelekwe Beit al-Ajaib, lile jumba la sultani, maana nimewahadithia mara nyingi habari za ile milango iliyochongwa na lifti ya zamani, na binti yangu mdogo ameshaichora picha yake kabla ya kuiona.

Dada Zuhura, saa 3:44 usiku
Ami, Beit al-Ajaib iliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, na wakafa watu wawili. Wataiona kwa nje tu, kutoka bustani ya Forodhani, nami nitawaeleza kwamba Sultani Barghash aliijenga mwaka 1883 kwa ajili ya sherehe. Mkunazini wataingia ndani, wapaone palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, kisha jioni tutakula urojo na mishkaki Forodhani na kunywa maji ya miwa yenye tangawizi na ndimu.

JUMANNE

Khamis Mdogo, saa 1:05 asubuhi
Mimi nipo tayari kwa Alhamisi. Ninatangaza mapema kwamba kwenye mapigano ya migomba nitakuwa upande wa Kusini, na ninamtaka Kaka Juma upande wa Kaskazini, kwa sababu bado hajanilipa pweza wangu.

Kaka Juma, saa 1:20 asubuhi
Nimekubali. Mgomba utakaokuja nao uwe na mkungu ulioiva, ili nikikushinda nipate na ndizi za kuwapelekea watoto.

Khaleti Asha, saa 1:31 asubuhi
Juma, kwa kilo zako hizo huyo mtoto atahitaji shamba zima la migomba.

Dada Zuhura, saa 1:50 asubuhi
Ndugu zangu, naomba tumalize kwanza suala la kosta, mizaha ije baadaye. Hadi sasa nina fedha ya Ami Seif na ya Khamis peke yake.

Khamis Mdogo, saa 1:52 asubuhi
Dada, yangu ihesabiwe kuwa ni ya Kaka Juma, kwa niaba ya pweza.

Mwalimu Haji, saa 4:15 asubuhi
Assalamu alaykum. Nimesoma mazungumzo yenu, na kwa kuwa watoto wa Seif watauliza, ni vyema wapate maelezo yaliyo sawa. Mwaka Kogwa maana yake ni kuoga Mwaka, kwani hapo zamani watu walikwenda kuoga baharini alfajiri ili waingie mwaka mpya wakiwa safi. Huu ni mwaka wa Nairuzi, ambao wakulima na wavuvi wetu waliuhesabu kwa miongo, yaani siku kumi kumi. Miongo 36 ikitimia huongezwa siku 5, zikawa 365, wala hauongezwi siku nyingine kila baada ya miaka minne kama ilivyo katika kalenda ya ofisini. Kwa sababu hiyo Mwaka unarudi nyuma polepole. Nilipokuwa mtoto tuliuoga mwezi wa Agosti, na leo tunauoga Julai. Watoto waelezwe pia kwamba kupigana kwa migomba si ugomvi. Mtu huitoa pale hasira aliyokaa nayo mwaka mzima, na jua likizama hamna tena maneno. Kibanda cha makuti kitakapochomwa, na yule aliyemo ndani akatoka mbio, wasiogope, kwa maana ndivyo mwaka wa zamani unavyoondoka.

Fatma, saa 4:40 asubuhi
Ahsante sana, Mwalimu. Nimemsomea Bibi, naye amefurahi.

Mama Nasra, saa 7:12 mchana
Nimeyasoma yote tangu jana, na nimenyamaza kwa makusudi. Kabla sijatoa hata shilingi moja, ningependa kuelezwa fedha iliyobaki baada ya jambo la Kitogani, gari ilipotuharibikia siku ya Mwaka, ilikwenda wapi. Tulichanga watu 18, na tukaambiwa tutapewa hesabu baada ya wiki moja. Huu ni mwaka wa pili, na aliyekusanya wakati ule ndiye anayekusanya sasa.

Dada Zuhura, saa 7:30 mchana
Mama Nasra, mimi ndiye niliyelipa tairi na fundi, na ndiye niliyekaa barabarani hadi usiku ninyi mlipokwisha kuondoka na gari nyingine. Daftari la hesabu ninalo hadi leo, na hakuna aliyewahi kuja kuliangalia. Ninaumia kuulizwa mbele ya wageni.

Mama Nasra, saa 7:33 mchana
Wageni hao ni ndugu zetu, wala sioni cha kuwaficha. Na kama ni barabarani, ungeeleza pia kwa nini magari mawili yalipita Kajengwa, kwa mdogo wake Bibi, bila kusimama.

Kaka Juma, saa 7:41 mchana
Naona mapigano ya migomba yameanzia huku kwenye simu.

Khaleti Asha, saa 7:42 mchana
Juma, nyamaza.

Bibi (kwa mkono wa Fatma), saa 10:20 alasiri
Mimi Bibi yenu ninasema, na Fatma anaandika kama ninavyotamka. Jambo la Kitogani lisizungumzwe tena humu. Zuhura atanisomea hilo daftari mimi, na Mama Nasra atakuwepo asikilize. Ila kwa kuwa limetajwa, na mimi nitasema langu. Siku ile mdogo wangu wa Kajengwa alikwenda kuoga Mwaka alfajiri, akarudi, akapika boko-boko na pilau, akatandika mkeka, akafunika sinia kwa kawa, akakaa kibarazani kuwasubiri. Ninyi mlikwenda Paje kuogelea mkala huko. Hakuna aliyefunua kawa. Kwetu Makunduchi, siku ya Mwaka nyumba isiyopata mgeni huona haya, na mwaka wake wote huwa mzito. Alasiri aliwagawia majirani kile chakula, akajifungia ndani. Hajaniambia neno mpaka leo, jirani ndiye aliyeniambia. Alhamisi mimi nitakwenda. Nitakaa mkekani kwake tangu asubuhi, na ngoma na mapigano ya uwanjani nitayasikia nilipo. Anayetaka kuja aje, lakini atakayepita mlango ule bila kuingia, asirudi kwangu Vuga.

Ami Seif, saa 11:02 jioni
Shikamoo Bibi. Tumesikia. Mimi na watoto tutaanzia Kajengwa kabla ya kwenda popote.

Bibi (kwa mkono wa Fatma), saa 11:10 jioni
Marahaba, mwanangu.

Dada Zuhura, saa 3:05 usiku
Tumekusikia, Bibi, na kwa upande wangu ninaomba radhi. Kesho nitakuja na daftari baada ya adhuhuri. Leo tumerudi salama kutoka Forodhani. Yule binti mdogo wa Ami alikaa juu ya ukuta wa bustani, akaifutia Beit al-Ajaib aliyoichora upande ule ulioanguka, kisha akaniuliza nani ataujenga tena. Kwa habari ya kosta, mwenyewe ameniongezea muda hadi kesho saa 6 mchana. Ina viti 28, na nina majina 11, ambao kati yao waliolipa ni 6. Gari itaondoka Vuga saa 12 asubuhi, kwa sababu safari ni zaidi ya kilomita 60 na Bibi hataki kuendeshwa mbio. Tafadhali andikeni majina.

JUMATANO

Mwalimu Haji, saa 1:15 asubuhi
Mimi na mke wangu tuhesabiwe. Nitalipa mkononi.

Dada Zuhura, saa 5:48 asubuhi
Safari ya Changuu tumeiahirisha, kwa kuwa bahari imechafuka na watoto wawili walikwishaanza kutapika tukiwa bado ufukweni. Wale kobe ambao wazee wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919 watatusubiri hadi Ijumaa baada ya sala au Jumamosi, tutaona. Nimebakiza dakika 12 za kumjibu mwenye kosta, na sasa tupo 13.

Dada Zuhura, saa 6:20 mchana
Nimemlipa malipo ya awali kwa fedha yangu. Naomba nirudishiwe.

Mama Nasra, saa 1:30 usiku
Nilikuwepo daftari liliposomwa. Palibaki shilingi 22,000, na Bibi amesema zinunuliwe mchele na nyama za kupeleka Kajengwa. Mimi na wanangu wawili tutakwenda na daladala ya 310, tutangulie tukasaidie kupika.

Dada Zuhura, saa 1:34 usiku
Ahsante, Mama Nasra. Viti vyako vitatu vipo kwenye kosta ukivitaka. Naomba unijulishe usiku huu, ili nisiwape wengine.

Dada Zuhura, saa 3:50 usiku
Mama Nasra?

Khaleti Asha, saa 4:15 usiku
Amelala, nimempigia hakupokea. Mimi nihesabu, ila nitashukia Kitogani kuna mtu nataka kumwona, nitawafuata baadaye.

Dada Zuhura, saa 4:17 usiku
Khaleti, utatufuata kwa gari gani?

Mjomba Othman, saa 5:02 usiku
Assalamu alaykum. Samahanini, simu ilikuwa kwa fundi tangu Jumapili. Hiyo mashua ya Changuu inaondoka saa ngapi, na ni shilingi ngapi kwa mtu?