Watu wenye ulemavu watengewe viti katika Bunge la jimbo la Haut-Katanga, Kongo (DRC), na mabaraza ya komine (manispaa ndani ya mji)?

Mwanzisha mada, Katuba
Wenzangu wa Lubumbashi, mimi nasema watengewe.

Natembea kwa baiskeli ya magurudumu matatu. Mwaka jana nilifuata karatasi ya mtoto katika ofisi moja ya serikali. Dirisha la huduma liko juu, ngazi 22. Nilizihesabu nikiwa mgongoni mwa kijana aliyenibeba, na tulipofika aliniomba matabishi, kihela cha asante. Karani alinipokea kwa heshima, sina neno naye. Lakini jengo lile lilikuwa limepakwa rangi mpya. Kuna kikao kilichogawa hela ya rangi, na ndani yake hakuna aliyewahi kushindwa na ngazi.

Sheria tunazo. Ibara ya 49 ya Katiba ya 2006 inalipa Taifa wajibu wa kuhimiza tuwemo katika taasisi za taifa, za jimbo na za mitaa. Mwaka 2015 Kongo iliingia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki zetu, na tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria nambari 22/003. Na bado kila tarehe 3 Desemba, siku ya kimataifa ya watu wenye ulemavu, tunaalikwa, tunapewa baiskeli, tunashukuru kwa moyo, kisha bajeti inaandikwa bila sisi.

Ibara ya 197 inakubali wabunge wa jimbo wasiopigiwa kura na wananchi, mradi wasizidi moja ya kumi. Ndiko machifu wanakopitia. Kama mlango huo upo kwa machifu, sheria ya uchaguzi irekebishwe, nasi tuupitie.

Mama muuza mboga, komine ya Kenya (Lubumbashi)
Yaya, kaka yangu, pole kwa ngazi hizo. Ila naogopa. Kiti kikitengwa, kila chama kitatafuta mlemavu wake, mtu wa kuinua mkono pale anapoambiwa. Kwa orodha za wanawake tulikwisha kuona mke wa mkubwa na binti wa mkubwa. Heri hela hiyo ijenge njia ya mteremko sokoni kwanza.

Mwalimu, Ruashi
Ninyi mnazungumza miguu, mimi nalia na masikio. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure. Mama mmoja akaniletea mtoto kiziwi, furaha tele: hatimaye mwanangu atasoma. Mimi lugha ya alama siijui. Sikufundishwa, na chuoni hakuna aliyeniambia kwamba siku moja nitaihitaji. Nikamweka mbele, nikaandika sana ubaoni. Alinakili herufi nzuri kuliko wote, bila kujua zinasema nini. Mwezi wa tatu hakurudi. Sasa Papa wa baiskeli akiingia bungeni, atamkumbuka mtoto huyo? Ulemavu si mmoja.

Mwanzisha mada, Katuba
Mwalimu, umenigusa. Ni kweli, nilijifikiria mimi na ngazi zangu. Basi nabadilisha: kiti kisiwe cha chama. Mashirika ya viziwi, ya wasioona, ya wenye ulemavu wa viungo na ya wazazi wa watoto wenye ulemavu wa akili yakutane, yachague wenyewe, na yaweze kumwondoa anayewasahau. Tuanze na komine, tunakojuana kwa sura.

Mama, njia ya mteremko naitaka kuliko wewe. Lakini nani ataidai mwaka hadi mwaka? Na wasituambie hela hakuna. Sheria ya madini iliyorekebishwa 2018 inalipa jimbo 25% ya mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa madini zinayochimba, na 15% inakwenda kwa maeneo ya mitaa mgodi ulipo. Hapa tunakaa juu ya shaba.

Mama asiyeona, Kamalondo
Nasomewa maneno yenu na mwanangu, naye anaandika ninachosema. Desemba 2023 nilipiga kura kwenye ile mashine ya kugusa kioo. Kioo ni laini kote, kidole hakipati kitu. Sheria inaniruhusu kusaidiwa na mtu ninayemwamini, basi mwanangu aligusa badala yangu. Namwamini. Ila nina miaka hamsini na kitu, na sijawahi kupiga kura ya siri. Huyo mtakayemkalisha kwenye kiti, mpeni swali langu aende nalo Kinshasa kabla ya uchaguzi ujao.