Kinanda kikongwe cha kupigia taarabu: DX7 au Juno-106?

MkaaziWaMkunazini
Assalaam alaykum. Kuna kontena la mitumba limefunguliwa Mwanakwerekwe, ndani mna Yamaha DX7 na Roland Juno-106. DX7 muuzaji anataka milioni moja na nusu. Juno kaishikilia kwa milioni nne, hataki hata kusikia tatu na nusu. Napiga kwenye kikundi cha taarabu, zaidi harusini, na nyumbani nataka kujifunza kutengeneza sauti zangu. Nichukue kipi?

FundiKwahani
Waalaykum salaam. Kabla ya sauti, kigeuze usome kibandiko cha nyuma. Vitu vingi vya makontena vinatoka Japani, na kule umeme ni volti 100. Ukikichomeka kwenye 230 za kwetu bila transfoma ya kushusha, fyuzi ikiwahi kukatika shukuru Mungu. Muuzaji akikwambia "tushakijaribu", muulize alikijaribu kwa umeme gani.

Juno-106 ni ya 1984. Inatoa sauti sita kwa pamoja, yaani noti sita kwa wakati mmoja, na kila sauti ina chipu yake, 80017A. Chipu hizo zilifunikwa kwa gundi nyeusi ambayo ikizeeka inaziharibu. Utabonyeza ufunguo ule ule mara kadhaa: mara unalia vizuri, mara unakoroma, mara kimya. Ukitaka uhakika, shikilia kitufe cha Key Transpose huku unawasha. Kinanda kitaingia kwenye hali ya majaribio, na kila ukibonyeza kioo kinakuonesha namba ya sauti inayolia. Zisikilize zote sita, usione haya, kaa nacho hata muuzaji akinuna. Mafundi huzitoa chipu na kuziloweka kwenye asetoni mpaka gundi itoke, na nyingi hufufuka. Mpya za kubadilishia zinatengenezwa, ila ni za kuagiza nje. Kwa milioni nne mie simo.

DX7, ya 1983, haina ugonjwa huo. Tazama betri tu: ni CR2032, ya kawaida kabisa, lakini humo imelehemiwa. Ikifa, zile sauti 32 za ala zilizohifadhiwa ndani zinavurugika. Kuibadilisha si kazi.

BintWete
Fundi umesema kweli, lakini mwenzetu anataka kujifunza. DX7 ina opereta sita, yaani vyanzo vya mawimbi ya sauti, njia 32 za kuzipanga, na karibu kila kitu unakibadilisha kwa vitufe na kioo cha mistari miwili. Watu wameishi nayo miaka wanapiga sauti za kiwandani tu. Juno kila jambo lina slaida yake, unasukuma unasikia. Kama chipu zote sita nzima na bei ikashuka, mie Juno, macho kufumba.

MaalimWaQanuni
Mnazungumza vinanda, taarabu mmeiacha mlangoni. Maqamu ya Rast ina robo tuni, noti inayoangukia katikati ya funguo mbili za kinanda, na ya Bayati ina robo tuni. Qanuni ina vile vyuma vidogo vya kuinua uzi, mpigaji anavipindua wimbo ukiendelea. DX7 ya mwanzo na Juno-106 hazikuruhusu kushusha noti moja peke yake. Ukishusha, kinanda chote kinashuka. DX7II iliyofuata ndiyo iliyowekewa uwezo wa kupanga kila ufunguo kwa kipimo chako na kuuhifadhi. Kijana, subiri hiyo.

MkaaziWaMkunazini
Maalim, shikamoo. Harusini lakini ni rusha roho, na nyimbo nyingi tunazopiga zimeshaachana na robo tuni.

MaalimWaQanuni
Marahaba. Ndiyo maana siku hizi siji harusini.

Yakhe_wa_Chake
😂😂 Maalim!
Ipo njia ya bure: programu ya Dexed. Inaiga DX7, inapokea faili za sauti za DX7 yenyewe, na unaweza kuipakia faili za mizani, yaani mpangilio wa noti, pamoja na hizo za robo tuni. Kompyuta mpakato na kinanda chochote chenye MIDI, ile njia ya kukiunganisha na kompyuta, basi. Mimi Chake Chake hapa ndiyo ninayotumia.

BintWete
Kwa nyumbani sawa. Harusini, kompyuta ikiganda bibi harusi ndiyo kwanza anaingia, utawaambia nini wale kina mama?

MkaaziWaMkunazini
Nimekwenda leo. Juno sauti namba nne kimya kabisa, namba mbili inakoroma. Nilipomuonesha akashuka mpaka tatu. DX7 nyuma imeandikwa 100V, funguo zote zinalia. Hiyo ndiyo nimemwambia aniwekee. Sauti nitajifunzia kwenye Dexed, kwenye kompyuta kila opereta anaonekana, kisha nizihamishie kwenye DX7 kwa MIDI. Fundi, transfoma ninunue ya ukubwa gani?

FundiKwahani
DX7 haili umeme mwingi, ya wati 100 inatosha na kubaki. Lakini iwe transfoma kweli, yenye waya wa shaba na uzito mkononi. Vile vidude vyepesi vya wasafiri vimetengenezewa pasi na vikausha nywele, usivichomekee kifaa cha elektroniki. Iandike 230 KUINGIA, 100 KUTOKA kwa kalamu nene, maana siku ya shughuli waya utachomekwa na mtu mwingine. Na usiiwashe kabla hujaniletea, nataka kuifungua nione kutu.