Mjadala: Je, matokeo ya majaribio ya Dachau yatumike katika tiba?

Mchangiaji aliyetangulia ameandika kwamba elimu haina dhambi, na kwamba kuyatupa matokeo ya majaribio ya baridi, ambayo Wanazi waliwafanyia wafungwa wa kambi ya Dachau, Ujerumani, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ni sawa na kuwafanya wafungwa wale wafe bure. Napinga, na ushahidi wangu ni kazi ya mtu aliyeyachunguza matokeo hayo mapema kabisa, Dkt. Leo Alexander.

Alexander, daktari wa akili na mishipa ya fahamu, alizaliwa Vienna katika familia ya Kiyahudi, kisha akahamia Marekani. Mwaka 1945, akiwa meja wa jeshi la nchi hiyo, alitumwa Ujerumani pamoja na wapelelezi wa kisayansi wa Washirika, yaani nchi zilizopigana na Ujerumani ya Wanazi, ambao kazi yao ilikuwa kukusanya ujuzi wowote wa adui uliofaa. Aliwahoji madaktari wa jeshi la anga la Ujerumani, akasoma nyaraka za Himmler, mkuu wa kikosi cha SS cha Wanazi, zilizoeleza jinsi daktari Sigmund Rascher alivyowatumbukiza wafungwa katika maji ya barafu, wengi wakafa. Unyama huo aliutambua, lakini ripoti yake iliyachukua matokeo yenyewe kuwa ya kuaminika. Hapo ndipo ninapoiona hatari: hata daktari mwadilifu, akishapewa jukumu la kulitafutia jeshi manufaa, huweza kuipima hati kwa faida yake kabla hajauliza ni mtu wa namna gani aliyeiandika.

Mwaka 1990 daktari wa upasuaji Robert Berger alizichambua upya kumbukumbu hizo, akakuta majaribio yaliendeshwa bila utaratibu thabiti, taarifa za msingi hazimo, na Rascher mwenyewe alikuwa mlaghai. Kwa hiyo hoja ya manufaa inaanguka hata kabla hatujafika kwenye maadili.

Nyaraka zile zilifaa kweli mahakamani. Alexander alikuwa mshauri wa waendesha mashtaka katika kesi ya madaktari wa Kinazi huko Nuremberg, Ujerumani, ambako washtakiwa 23 walifikishwa kizimbani na 16 kati yao wakatiwa hatiani mwaka 1947, na maandishi yake yalichangia kanuni 10 za utafiti juu ya binadamu, ya kwanza ikiwa ridhaa ya hiari. Nyaraka hizo zihifadhiwe na zisomwe kama ushahidi wa jinai. Anayetaka zinukuliwe kama tiba atuonyeshe ni mgonjwa gani wa leo ambaye uhai wake unategemea vipimo vya Rascher, wala hauwezi kuokolewa kwa utafiti uliofanywa kwa ridhaa.